Banda Lililokuja kwa Pikipiki

Nyumba ya kuku kumi ililetwa na pikipiki. Hilo peke yake lingetosha kumzindua mtu, lakini siku ile Mama Cherehani alikuwa na furaha, na mwenye furaha hapigi hesabu. Dereva alilegeza mipira, akalishusha boksi kwa mkono mmoja, akaliegemeza ukutani kama mtu anayeegemeza mwamvuli, akaaga na kuondoka.

"Ndilo hilo?" mumewe aliuliza, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ndilo hilo."

"Na kuku wamo humohumo ndani?"

"Cheka tu, baba watoto. Kesho utacheka ukiwa umerudishiwa chumba chako."

Maana chumba ndicho kilicholeta yote haya. Jina la Mama Cherehani alipewa na mtaa, si na wazazi wake. Alikuwa ameshona tangu usichana: sare za shule, mapazia, magauni ya harusi, suruali za wanaume waliokonda na za wanaume walionenepa. Watoto wake walisomeshwa na sindano ile mpaka wakapata kazi zao huko mbali. Kisha vidole vikaanza kugoma. Asubuhi viliamka vimekakamaa kama vijiti, na kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kukawa shughuli ya kumwita jirani. Daktari akamwambia apumzishe mikono. Kupumzisha mikono ni neno jepesi mdomoni mwa mtu asiyekula kwa mikono hiyo. Mama Cherehani alirudi nyumbani, na jioni akamwambia mumewe, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya kupaka rangi majumba, kwamba ataanza kufuga kuku wa mayai. Hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa akitoa taarifa.

Akanunua vifaranga, akawalea chini ya meza ya kukatia nguo, katika chumba cha nyuma. Vifaranga hawajui kwamba wao ni wageni. Walikua, wakaota mbawa, wakaanza kupanda juu ya viti, juu ya cherehani, juu ya mabega ya mumewe aliyekuwa akilala humo mchana na kuamka akipiga chafya. Yote yalivumilika hadi siku kuku mmoja mwekundu aliporuka akatua juu ya gauni jeupe la harusi, akatembea juu yake kuanzia kiunoni mpaka kifuani, na kuacha alama alizoona zinafaa. Mama Cherehani alilifumua gauni lile na kulishona upya upande mzima kwa vidole vyake vile vile vibovu, akikaza meno. Yule kuku kuanzia siku hiyo akaitwa Bibi Harusi. Na amri ikatoka: kuku wahame.

Alianza kwa fundi seremala wa pale kwenye kona. Fundi alikuja na futi yake, akapima uwanja wa nyuma, akapiga hatua huku na huku, akatazama upepo unakotoka, kisha akataja bei. Mama Cherehani akameza mate.

"Na litakuwa tayari lini?"

"Mbao ninazo, ila bado mbichi. Zikikauka nitakuanzia."

"Zitakauka lini?"

"Mbao haina kalenda, mama."

Hapo uvumilivu ukamwishia. "Fundi, mimi nimekuita unijengee banda la kuku, wewe unanipigia mahesabu ya ikulu!" Alilisema kwa sauti, majirani wawili watatu wakiwa wanaanika nguo, na wakacheka. Fundi hakujibu kwa hasira. Aliikunja futi yake polepole, akaitia mfukoni.

"Sawa, mama. Kuku ni wako, na mvua ni ya Mungu." Akaenda zake.

Ndipo alipoingia shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Ofa, kwa sababu hakuna punguzo la bei lililowahi kupita bila kumsalimia. Alikuwa na mashine ya kunyolea iliyonyoa upande mmoja, feni iliyozunguka ikisukumwa kwa kidole, na viatu alivyovinunua jozi mbili kwa bei ya moja, vyote vya mguu wa kushoto. Lakini alikuwa mtu mwema, mwenye moyo mkunjufu, na alimpenda shemeji yake kama dada yake wa tumbo moja. Alimletea simu karibu na uso.

"Shemeji, tazama. Limeshatengenezwa. Unaunganisha tu."

Kwenye picha palikuwa na kijumba cha kijani chenye paa jekundu, kimesimama kwenye majani mazuri, na kuku weupe wakitembea mbele yake kama wenye nyumba. Palikuwa pameandikwa: *Kuku kumi. Imara. Rahisi kuunganisha.* Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya fundi. Mama Cherehani alitazama picha, akamkumbuka fundi akikunja futi yake, na moyoni akasema: atajua kama mabanda hayajengwi bila yeye.

Sasa boksi lilikuwa limefika. Ofa alilifungua kwa kisu cha jikoni, akazipanga mbao chini, akakaa na karatasi ya maelezo iliyokuwa na michoro mingi bila neno hata moja. Mbao zilikuwa nyembamba kama biskuti. Ukikaza skrubu inaingia bila kupingwa, kama sindano kwenye pamba, na ukiikaza kidogo zaidi inazunguka bure. Matundu ya ubao mmoja hayakukutana na matundu ya ubao mwingine. Ofa alitoboa mengine kwa msumari na jiwe, jasho likimtiririka, na kila akimaliza upande mmoja, upande wa pili ulilegea. Walipolisimamisha, likainama kidogo kulia kama mtu anayesikiliza umbea.

"Hizi skrubu zilizobaki ni za wapi?" aliuliza Mama Cherehani.

"Hizo za akiba, shemeji."

"Za akiba, au zina mahali pake?"

Ofa aliitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Za akiba," alisema.

Paa la banda lilimfika Mama Cherehani kiunoni. Alikuwa amejiona akiingia humo na ufagio mkononi. Sasa aliona angeingiza kichwa tu, na hicho nacho kwa hiari ya mlango. Ndipo alipogundua kwamba kuku wa kwenye picha walikuwa na umbo la kuku na ukubwa wa njiwa. Yeye kuku wake hawakufika hata kumi, walikuwa wanane. Aliwaingiza mmoja mmoja, nao wakajipanga bega kwa bega kama watu kwenye foleni ya maji, kila mmoja akimlaumu aliye mbele.

"Watazoea," alisema Mama Cherehani.

Mumewe alirudi ndani. Chumba alikuwa amerudishiwa, na mtu aliyerudishiwa chumba hana haja ya kutafuta ugomvi.

Siku za mwanzo majirani walikuja kutazama. Rangi ya kijani iliwapendeza, na paa jekundu liliwapendeza zaidi. Mama Cherehani aliwaonyesha mlango, akawaonyesha viota, lakini hakuwaonyesha ule mguu mmoja uliowekewa kipande cha tofali. Mtu akinunua kitu kwa kumkaidi mwenzake, haoni ubovu wake. Hukitetea kama mtoto.

Lakini kibovu hakifichiki kwa anayeishi nacho. Fito za kulalia ziliwekwa chini kuliko viota, na kuku hupenda kulala juu. Basi wakalala kwenye viota na kuvichafua, na mayai ya kwanza aliyoyangojea kwa hamu yakatoka yamepakwa uchafu. Hapakuwa na tundu la hewa, na asubuhi akifungua mlango harufu ilimpiga usoni mpaka macho yakamtoka machozi. Kusafisha kulikuwa adhabu. Sakafu ilikuwa trei ya kuvuta, lakini ilivimba kwa unyevu ikakwama, ikabidi apige magoti na kuingiza mkono mzima mpaka begani, mgongo ukimlilia. Wavu ulishikiliwa na vibanio vidogo kama vile vya kubania karatasi, na vikaanza kufyatuka kimoja kimoja.

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Alichukua waya mwembamba akaushona wavu ule kwenye ubao, kushoto kulia, kushoto kulia, kama anayepindia pindo la sketi. Vidole vilimuuma mpaka akalazimika kuvitia kwenye maji ya moto. Akainua fito. Akatoboa matundu ya hewa. Akaziba nyufa kwa vitambaa. Kila siku alirekebisha kitu, na kila siku kingine kikafumuka.

"Mke wangu," mumewe alimwambia mara moja, kwa upole, "hilo banda unalifuga wewe, au ndilo linalokufuga?"

"Banda ni zima. Linataka kuzoewa."

Kisha ikanyesha mvua moja ya alasiri, nzito, ya upepo. Karatasi ngumu iliyofunika paa ilibanduka kuanzia kona, ikapepea, ikaondoka na kuangukia kwa jirani. Maji yakaingia. Sakafu, ambayo haikuwa mbao halisi bali vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ililewa maji ikavimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Mvua ilipokatika, Mama Cherehani alitoka na plastiki ya kufunikia, akaifunga juu ya paa kwa kamba, akaisukumia trei mahali pake kwa mguu.

"Leo walale ndani," mumewe alisema. "Nitavumilia chafya zangu. Usiku mmoja si kitu."

Angekubali, mambo yangekuwa mengine. Lakini dirishani kwa jirani alimwona mtu akichungulia, na masikio yake yakasikia kicheko ambacho pengine hakikuwepo. "Banda ni la kuku," alisema. "Kuku wakae bandani."

Asubuhi alitoka na ndoo ya maji, akalikuta banda limelala ubavu. Trei ilikuwa imevutwa nje, imekatika vipande viwili. Mbwa wa mtaani hawakuhitaji nguvu. Walikuta sakafu laini wakaikwangua. Manyoya yalitapakaa mpaka kwenye kamba ya nguo. Kuku watatu walikuwa juu ya ukuta, wamejikunyata, hawataki kushuka. Mwingine alitoka kwenye kichaka cha uzio akichechemea. Bibi Harusi alikuwa chini ya kamba ya nguo, na hakuwa peke yake.

Mama Cherehani alikaa chini pale pale, kwenye tope. Hakulia. Aliokota unyoya mwekundu, akaunyoosha kati ya vidole, kama anavyonyoosha kipande cha kitambaa kabla ya kukikata. Mumewe alitoka, akaona, akarudi ndani kuchukua jembe. Hakusema nilikuambia. Kwa miaka yote ya ndoa yao, hilo ndilo jambo alilomshukuru kwalo zaidi. Walizika pamoja nyuma ya choo, na kazi ilipokwisha mzee akafuta jasho.

"Basi, mama. Mambo ya kuku tuyaache. Mayai yanauzwa dukani."

"Najua yanauzwa," alisema. "Mimi nataka niwe ninayeyauza."

"Lakini si umeona? Umejaribu, imeshindikana."

Hapo ndipo alipoinuka. Alijipangusa tope, akalisogelea lile banda, akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu lilipokuja, kwa jicho lile analotazamia nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Akaiona mishono yake ya waya, bado imeshika. Kila kilichokuwa chake kilikuwa kimeshika. Kilichoachia ni kile alichokinunua.

"Mimi sijashindwa na kuku, baba watoto. Kuku nimewalea tangu wakiwa vifaranga, wakakua, wakataga. Nimeshindwa na boksi. Sasa boksi halitanitoa kwenye kazi yangu."

Ofa alifika saa ya chai. Habari alikuwa ameshazipata, na alisimama langoni na kofia mkononi, hathubutu kuingia.

"Shemeji, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuonyesha."

"Ulinionyesha. Aliyelipa ni mimi, na aliyekataa kuwaingiza ndani jana ni mimi pia. Usisimame hapo kama mfiwa. Katafute mkokoteni."

"Tunakwenda wapi?"

"Dukani."

Duka lilikuwa kwenye barabara pana, pamoja na maduka mengine ya vifaa vya nyumbani. Mbele yake, kwenye kibaraza, lilisimama banda jipya la kijani na paa jekundu, limefungwa kibao: *KUKU 10. OFA.* Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni. Alipouona mkokoteni na vipande vilivyokuwemo, alianza kutikisa kichwa kabla hawajafika.

"Shikamoo, mama. Samahani, bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi."

"Marahaba, mwanangu. Sijaja kurudisha. Nimekuja na swali." Mama Cherehani aliinua kitambaa kilichofunika kapu. Vichwa vinne vyekundu vikachomoza. "Hapa mmeandika kuku kumi. Mimi nimebaki na wanne tu. Naomba nikuwekee hawa wanne humu kwenye hili lenu jipya, halafu wewe unionyeshe wale sita wengine watakaa wapi."

Muuzaji alitazama huku na huku kama anayetafuta mlango wa dharura. "Mama, haya ni ya maonyesho."

"Ndiyo. Na mimi nataka kuonyeshwa."

Kabla hajapata jibu, kuku wa kwanza alikuwa ameshaingia, na wa pili akafuata. Wa tatu akawasukuma wenzake. Wa nne alipoingizwa, mkia wake ulibaki nje, na komeo la mlango, kipande cha ubao kinachozunguka kwenye skrubu moja, likazunguka lenyewe na mlango ukafunguka. Watu waliokuwa wanapita walianza kusimama. Mtu mmoja aliyekuwa na pochi tayari mkononi akaikunja.

"Kumbe mimi nilikuwa natafuta la bata mzinga," alisema.

"Ukimkata miguu ataenea," mwingine akamjibu, na kicheko kikapita kibarazani.

Mama Cherehani hakucheka wala hakupaza sauti. Aliomba kigoda, akapewa na muuza duka wa jirani, akaketi kando ya banda lile na kapu lake miguuni. Kila mtu aliyeuliza, alimjibu kwa adabu. "Ni zuri," alisema. "Ni zuri sana, kama kuku wako ni wawili, kama kwenu mvua hainyeshi, na kama mbwa wa mtaani kwenu wameokoka."

Jua likapanda, naye akakaa. Muuzaji alimletea maji, akayapokea na kushukuru, akaendelea kukaa. Mwishowe mwenye duka mwenyewe akatoka ndani, mzee mnene mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso.

"Mama, unataka kunifungia duka?"

"Hapana, kaka. Mimi nataka kufungia kuku tu. Nimeshindwa."

Mzee yule alikuwa na tabasamu la biashara midomoni, lakini macho yake yalishuka mpaka kwenye mkokoteni. Alisogea, akaushika ubao mmoja uliovimba, ukamegeka mkononi. Akaupangusa unga wake kwenye suruali. "Mimi nauza kama nilivyoletewa," alisema, kwa sauti ya chini kidogo. "Sijawahi kufuga hata njiwa. Waliniletea wakaniambia kumi, nikaandika kumi."

"Nami nikaamini kumi. Sasa mimi na wewe tumedanganywa, ila waliokufa ni wangu."

Wakavutana. Pesa mzee hakutaka kutoa kabisa, na Mama Cherehani aliona kwamba hata akikaa mpaka jioni hatazitoa. Lakini ndani ya duka lile, nyuma ya masufuria, aliona marobota ya wavu wa chuma wenye matundu madogo, bawaba nzito, na makomeo ya kweli. Akabadilisha ombi. Mzee akataja kipimo, yeye akataja kingine. Mzee akapunguza makomeo, yeye akaongeza mita za wavu. Walipokubaliana, kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa, na hiyo ndiyo dalili ya mapatano ya haki.

"Na kibao," alisema Mama Cherehani.

"Kibao kina nini?"

"Futa hiyo kumi."

Mzee aliguna, akaomba kalamu iliyokuwa sikioni mwa kijana wake, akaikata ile namba. "Niandike wangapi?"

"Watatu. Na chini yake andika, lisikae kwenye mvua."

Akaandika watatu. La mvua hakuliandika, na Mama Cherehani hakulisukuma. Aliwarudisha kuku wake kapuni, na Ofa akausukuma mkokoteni kuelekea nyumbani, safari hii ukiwa na chuma.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko duka. Asubuhi iliyofuata alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa fundi seremala, peke yake, ingawa Ofa alijitolea kutumwa. Karakana ilinukia maranda. Mbao zilipangwa ukutani kwa tabaka, kila tabaka limetenganishwa na vijiti ili upepo upite. Fundi alikuwa akipiga randa kwenye ubavu wa kitanda, na kwenye benchi walikaa wateja wawili wakingoja. Alimwona, lakini hakusimamisha randa.

"Karibu, mama. Vipi, ikulu imekwisha?"

Wateja wakatabasamu. Mama Cherehani alihisi uso unamwaka, akaona pia kwamba angeweza kusema atarudi baadaye, watu wakiwa wameondoka. Akabaki.

"Fundi, nilikukosea, na nilikukosea mbele ya watu. Ndiyo maana nimekuja saa hii, ukiwa na watu. Nisamehe. Nilinunua lile la boksi kwa kukukomoa, na nimepoteza nusu ya kuku wangu."

Randa ilisimama. Fundi alilipuliza vumbi lililokuwa juu ya ubao, ingawa halikuwa jingi.

"Pole, mama. Habari nimezisikia. Mimi si mtu wa kucheka msiba."

"Mbao zimekauka?"

"Upande mmoja."

"Basi nasubiri upande wa pili."

"Na nina vitanda vya watu hapa mbele yako."

"Nasubiri na vitanda."

Alisubiri kweli. Kuku wanne walirudi chumba cha nyuma, na mumewe akahamishia usingizi wake wa mchana sebuleni bila kuulizwa. Alichora mstari wa rangi sakafuni mlangoni, akaweka ubao, akasema huu ndio mpaka wa kimataifa, na kuku waliuvuka kila siku bila pasi. Ofa alichimba mashimo ya nguzo, akabeba mawe ya msingi mgongoni, akavimba viganja. Simu yake ilipolia katikati ya kazi kuleta tangazo la mabati ya bei ya kutupa, aliitazama, akamtazama shemeji yake, akairudisha mfukoni.

"Nilitaka kujua tu saa ngapi," alisema.

"Chimba, shemeji."

Naye Mama Cherehani hakukaa bure. Kila kilichomtesa kwenye lile boksi alikigeuza kuwa agizo. Kazi ilipoanza, alisimama na fundi tangu jembe la kwanza mpaka msumari wa mwisho. Alitaka mlango wa mtu mzima, aingie wima na atoke wima. Alitaka fito za kulalia zipite juu ya viota. Alitaka hewa ipite chini ya paa, na paa lenyewe litokeze nje kama ukingo wa kofia. Alitaka sakafu iinuliwe juu ya mawe, na wavu ubanwe kwa ubao juu yake, si kwa vibanio. Mengine fundi alikuwa akiyafikiria tayari, mengine alimkatalia.

"Unataka la kuku thelathini. Sasa hivi unao wanne. Nijenge la kumi na tano, na ukuta wa huku niuache wa kufunguka. Wakiongezeka tunaongeza."

"Kumi na tano wa kweli, au wa kwenye kibao?"

"Wakiwa na mbawa zao wamezikunjua, mama."

Alikubali. Alishika ncha za mbao wakati fundi anapiga msumeno, alichora mistari kwa chaki yake ya kushonea, na vidole vilipokataa kabisa alishikilia kwa viganja. Zilikuwepo siku alizotamani kuketi. Siku hizo alikunywa chai akiwa amesimama, akijua kwamba akikaa hatainuka. Nguzo moja ilisimikwa ikapinda, ikabidi ing'olewe na kusimikwa upya, na hakuna aliyesema itazoea.

Banda lilikwisha, refu, zito, la rangi ya mbao tupu, mpaka mumewe alipotoa makopo yake ya zamani na brashi zake, akalipaka mwenyewe polepole, akirudi nyuma kila baada ya muda kulitazama kwa kichwa kilichoinama upande mmoja. Mama Cherehani akaongeza mitetea wengine. Jioni ya kwanza, wale wanne wa zamani walikataa katakata kuingia. Walisimama mlangoni wakitazama giza la ndani, wakageuka kurudi chumba cha nyuma. Hakuwalaumu. Aliwabeba mmoja baada ya mwingine, akawaweka juu ya fito, akabaki humo akiwa amesimama mpaka walipotulia na kuficha vichwa.

Alfajiri aliamka kabla ya mumewe. Alipita uani, na mkono wake ulilishika komeo kwa muda kabla ya kulivuta. Likavutika laini. Ndani kulikuwa kukavu, na hewa ilikuwa ya maranda. Wote walikuwepo, wamepangana juu, wakimtazama kwa jicho moja moja kama kuku wanavyotazama. Mmoja akaruka chini, akajikung'uta, mbawa zake zote mbili zikafunguka bila kumgusa mwenzake.

"Mama!" mumewe aliita kutoka mlango wa jikoni. "Kuna usalama?"

"Upo," alijibu. "Chai utajichemshia. Mimi bado nafagia."